Maneno Niliyoyapoza

Mwanangu Zakaria,

Kamwene. Haya ni maneno yangu mimi baba yako, ila mkono unaoandika ni wa mdogo wako Rahabu, kwa sababu unajua kalamu hainitii. Miaka kumi na moja nilisema maneno ya watu wengine, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kibena, na hadi leo jina langu naliandika kama mtu anayechonga mpini. Wewe umekwenda Lupembe kumuaga shangazi yako, na hutarudi kabla jua halijakaribia kuzama. Mama yako yuko jikoni anapukuchua mahindi. Sisi wawili tumekaa nyuma ya nyumba, upande usio na upepo, na Rahabu ameweka daftari juu ya magoti.

Kesho utapanda lori la Njombe hadi Makambako, na keshokutwa utaanza kazi ya ukalimani kwa Bwana Shamba wa huko. Sitakuandikia habari za kuvaa sweta wala za kutunza viatu. Hayo mama yako ameshakuambia, na atayarudia kesho asubuhi mpaka lori liondoke. Mimi nina jambo moja, nalo nimelibeba tangu ulipokuwa mdogo wa kuchunga mbuzi.

Unakumbuka Jumapili iliyopita ulipotoa daftari lako la shule ukatusomea misemo ya Kiingereza ambayo mwalimu wenu aliwaandikisha. Ulisema kwamba kwa Waingereza mtu aliyevunja amri yuko ndani ya maji ya moto. Aliye karibu kukamatwa anatembea juu ya barafu nyembamba. Aliyepewa adhabu yote bila kupunguziwa ametupiwa kitabu, na mkubwa aliyeona kosa akanyamaza amegeuza jicho pofu. Rahabu alicheka mpaka akaficha uso kwenye khanga. Mama yako naye alicheka, akauliza kitabu kinamuumiza nani, si afadhali wamtupie jiwe. Mimi nikainuka nikatoka. Ulinifuata ukaniuliza kama naumwa, nikasema ni moshi. Haukuwa moshi.

Misemo hiyo nilianza kuisikia nikiwa na umri kama wa Rahabu sasa, nilipokuwa boi wa jikoni kwa Mzungu mmoja mkulima huko Lupembe. Siku moja nilivunja kifuniko cha birika la chai, lile lenye maua. Bibi akanitazama, akatabasamu, akasema kwa upole kabisa kwamba bwana akirudi nitakuwa ndani ya maji ya moto. Nilikaa mbali na jiko siku nzima. Mpishi, Mkinga mmoja mzee, alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Kijana, hawa wakikasirika hawapandishi sauti. Ukisikia maneno laini yenye tabasamu, hapo ndipo uogope." Jioni ile nilichapwa viboko sita.

Kwa hiyo usije ukanitetea, mwanangu, kwamba sikuelewa. Nilielewa kabla wewe hujazaliwa.

Baadaye nikawa mkalimani wa Bwana Shamba wa Njombe. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kutembea kwa miguu, akijaza mifuko mbegu za kila mti aliouona. Alipenda sana misemo ya kwao, na mimi nilipata sifa kwa kuigeuza vizuri. Askari mmoja mtu wa Tanga alinifundisha kwamba kwao mtu aliyejiweka pabaya huambiwa amekalia kuti kavu. Sikuwahi kuona mnazi, na watu wa huku hawajauona, basi nikasema mtu amekalia tawi bovu. Wazee walipolisikia neno hilo walitazamana. Walijua tawi bovu ni nini. Kijiji nilichokipelekea neno hilo kilihama kutoka kwenye chemchemi ndani ya wiki moja, na hakuna aliyefungwa. Nakueleza haya ujue kwamba kazi niliiweza.

Kipindi hicho kulikuwa na amri ya kutolima vinyungu karibu na vyanzo vya maji. Serikali ilisema maji yatakauka. Wewe unakijua kinyungu, lile shamba la bondeni lenye unyevu, hujawahi kulala njaa kwa sababu yake. Shamba la juu likiwa bado jeusi na ghala limebaki vumbi, bondeni kuna mahindi mabichi na maboga. Babu yako wa Matembwe, baba yake mama yako, alikuwa na kinyungu chake pale kando ya chemchemi tangu enzi za Mjerumani. Mama yako alikuzwa na mahindi ya pale. Hata wewe ulipoota meno ulitafuna mahindi yake.

Siku moja Bwana Shamba akaamua kwenda Matembwe.

Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba huko ni ukweni kwangu. Unajua desturi yetu. Mkwe wako ukikutana naye njiani unatoka kando, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu mpaka apite. Huli mbele yake. Humtazami usoni. Ukiwa na neno zito humpelekei kwa kinywa chako, unamtuma mtu. Sasa mimi nilikuwa mjumbe wa serikali, ninakwenda kumpelekea mkwe wangu neno zito kuliko yote, kwa kinywa changu, mbele ya watu.

Tulimkuta kwenye kinyungu, amesimama na jembe begani. Aliponiona aligeuza uso upande wa mto, kwa sababu hata yeye hakupaswa kunitazama. Wanawake walikuwa wanateka maji. Jumbe alikuwapo, na karani wake aliyejua Kiswahili vizuri alikuwapo. Bwana Shamba alivunja bua la nyasi akalitia mdomoni, akasema kama mtu anayezungumzia mawingu. Alisema, "Mwambie mzee huyu anatembea juu ya barafu nyembamba. Mara ya kwanza niligeuza jicho pofu. Nikirudi nikakuta jembe limepita hapa tena, atakuwa ndani ya maji ya moto, na mimi sitamtoa."

Nilichuchumaa. Nimevaa kofia ya serikali, nikachuchumaa, nikapiga makofi. Tawi bovu lilikuwa tayari ulimini mwangu. Nikasema hivi: "Baba, Bwana anakusalimu. Anasema chemchemi hii ni ya watu wote. Anaomba, ukiona vema, usogee juu kidogo."

Babu yako hakunijibu mimi, alijibu nyasi. Alisema, "Mwambieni nimesikia. Nikishavuna nitaangalia."

Nikainuka nikamwambia Bwana kwa Kiingereza kwamba mzee amekubali, na ameahidi hatalima hapa tena. Bwana akatoa kitabu chake kidogo mfukoni, akaandika.

Tazama nilichokifanya, Zakaria. Neno la Mzungu lilikuwa moto, nikalipoza lisimuunguze mzee. Neno la mzee lilikuwa baridi, nikalipasha lisimuudhi Mzungu. Wote wawili waliondoka pale wameridhika. Njia ya kurudi nilipiga mluzi. Nilijiona mtu wa akili, niliyeokoa adabu ya nyumba na kazi ya serikali kwa pamoja.

Tulirudi baada ya wiki sita. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na udongo ulikuwa mbichi, umetoka kupaliliwa. Bwana Shamba hakupandisha sauti. Alikitazama kitabu chake, akasema, "Mtu anayesema uongo mbele yangu sina la kumfanyia." Askari wawili wakamchukua babu yako, wakaenda naye kwa miguu mpaka boma la Njombe. Mimi nilitembea nyuma. Nilikuwa natoka kwenye njia kila aliposimama kupumzika, kwa adabu. Hebu fikiri. Amefungwa kamba, na mimi natoka kwenye njia kwa adabu.

Katika korti maneno yake yalitafsiriwa na mtu mwingine, mimi niliitwa shahidi. Wakaniuliza kama mshtakiwa alionywa waziwazi. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama aliahidi kuacha. Nikasema ndiyo. Mkono wangu ulikuwa juu ya Biblia. Nilisema uongo.

Kaka Zakaria, hapa ni mimi Rahabu. Utaona mahali hapo nimefuta. Baba alisema kwa Kibena kwamba alisema uongo, mimi nikaandika kwa Kiswahili kwamba "nilikosea". Sikufanya kwa kusudi baya. Sijawahi kuandika neno kama hilo juu ya baba. Aliniambia nimsomee alipofika hapo, nikasoma. Kisha akasema, "Rahabu, sikusema hivyo." Nikalia kidogo. Hakunikaripia. Alingoja nimalize, akaniambia nifute niandike lile lake. Kwa hiyo nimefuta. Naendelea na maneno yake.

Babu yako alifungwa miezi miwili. Ilikuwa mwezi wa sita na wa saba, na unajua Njombe ilivyo miezi hiyo. Asubuhi majani yote meupe kwa sakitu, na maji ya beseni yametandwa na ngozi ya barafu. Nilikuwa nikiivunja ngozi ile kwa kidole nilipokuwa nanawa, nakumbuka maneno ya Bwana Shamba. Wafungwa walikuwa wakivunja mawe ya barabara iendayo Makambako, wamevaa kaptura, miguu mitupu. Kesho lori lako litapita juu ya mawe hayo. Sikuombi ufanye chochote utakapopita. Nimeona tu ujue.

Alirudi anakohoa. Nilimpelekea blanketi kwa mkono wa mama yako, kwa kuwa mimi nisingeweza kuingia alipolala. Mama yako alikaa kwake siku tatu, akarudi na swali. Alisema, "Baba anauliza, siku ile pale kwenye chemchemi Mzungu alisemaje hasa?"

Hilo ndilo kosa langu kubwa, mwanangu. La kwanza lilinikuta nimechuchumaa, nina aibu na hofu, watu wananitazama. Hili la pili lilinikuta nimekaa kwangu, nimeshiba, wa kunifukuza kazi hayupo karibu. Mzee amebeba swali lake miezi miwili kwenye mawe, amelikabidhi kwa binti yake, limefika. Nilichotakiwa kufanya ni kulijibu. Nikamwambia mama yako, "Alisema kama nilivyosema." Mama yako akarudi Matembwe na jibu hilo. Babu yako alifariki kabla mvua hazijaanza.

Siku ya mazishi ndugu walikaa wakazungumza, kama ilivyo. Mmoja akauliza imekuwaje mzee mwenye heshima akafa na jina la mfungwa. Mama yako akajibu mwenyewe, mbele ya wote. Alisema, "Baba yangu alionywa, akaahidi, akavunja ahadi yake. Ubishi ndio uliomuua." Alisema bila kulia. Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama na koleo, nikaendelea kusawazisha udongo.

Tangu siku hiyo nyinyi wote mmelelewa na neno hilo. Ukikataa kufanya jambo, mama yako hukuambia usiwe mbishi kama babu yako. Nimelisikia kwenye nyumba hii mara nyingi kuliko sala ya chakula, na kila mara nimekula nikanyamaza.

Mwezi uliofuata nilirudisha kofia ya serikali. Nilimwambia Bwana Shamba mguu unanisumbua, nikawaambia na nyinyi hivyo hivyo. Mguu wangu ni mzima, Zakaria. Ulikuwa mzima siku zote. Pole kwa ndoo zote ulizonibebea.

Nimeulizwa na nafsi yangu mara nyingi, ningefanyaje. Nisingemfokea mkwe wangu, hilo hata leo nisingeliweza. Lakini karani wa jumbe alikuwa amesimama pale pale, hana kazi, anafukuza nzi. Ningesema tu, "Bwana, huyu ni mkwe wangu, mpe mwingine aseme." Ni maneno machache kuliko yale niliyoyatunga. Niliogopa Bwana ataniona mshamba mwenye mila za ajabu. Niliogopa atasema kama kuna wakwe kila kijiji, mkalimani huyu ni wa nini. Pengine angesema hivyo. Pengine angecheka tu, akaokota mbegu zake. Sikumpa nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo.

Wewe una Kiingereza kizuri kuliko changu, cha kwenye kitabu, na una moyo mlaini kuliko wangu. Huo moyo ndio ninaouogopa. Utasimama kati ya mtu mwenye nguvu na mtu mwenye jembe, na utamwonea huruma mwenye jembe, na huruma itakushika ulimi. Ikikushika, kumbuka kwamba babu yako hakuhitaji huruma yangu. Alihitaji kujua Mzungu amesema nini. Angelijua, angeamua mwenyewe kuhama au kukaa. Labda angekaa, alikuwa na haki ya kukaa na kufungwa kwa jambo alilolichagua. Mimi nilimfungisha kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Siku ukishindwa kulisema neno kama lilivyo, sema umeshindwa. Wakikufukuza, rudi nyumbani. Nitakuja kukupokea barabarani kwa mguu huu huu.

Hayo ndiyo yangu. Rahabu, andika jina langu hapo, halafu mimi nitaweka alama.

Kaka, ni mimi tena, na kuanzia hapa maneno ni yangu mwenyewe.

Baba alipokwisha kuweka alama aliniambia niichukue barua nikamsomee mama jikoni, kwa Kibena, kabla hujarudi. Nilimwambia siwezi. Unanijua nilivyo, hata shuleni mwalimu alikuwa akiniita mara mbili ndipo nijibu, na wenzangu wakiniita Bi Bubu. Nilimwomba amwambie yeye mwenyewe. Akasema atakuwa mlangoni, lakini akianza yeye atapoza tena, anajijua.

Basi nikaingia. Mama alikuwa na ungo mapajani. Alidhani namsomea mawaidha, akatabasamu, akaniambia soma upesi moto usizimike. Nikasoma. Kila sentensi niliisoma kwanza kwa macho, kisha nikaisema kwa Kibena, na nilijikagua kila mara. Nilipofika kwenye chemchemi mikono yake ilikuwa bado inapukuchua. Nilipofika kwenye jibu la babu, ikasimama.

Akaniuliza, "Baba yangu alisemaje? Rudia."

Nikarudia. "Nikishavuna nitaangalia."

"Hakuahidi?"

"Hakuahidi, mama."

Akaniambia niendelee. Niliendelea mpaka mwisho, hata pale kwenye mazishi, hata pale kwenye mguu. Hakulia. Mahindi yalikuwa yamemwagika kutoka kwenye ungo, hakuyaokota. Baba alikuwa amesimama mlangoni, nusu nje, kichwa kimeinama, hakuvuka kizingiti.

Mama alikaa hivyo mpaka moto ukafifia kweli. Nilitaka kuuchochea nikaogopa. Kisha akazungumza, lakini alikuwa ananitazama mimi peke yangu.

Alisema, "Mwandikie kaka yako kwamba babu yake hakuvunja ahadi. Hakuwa ameahidi. Liandike hilo kwanza." Nimeliandika, kaka, liko hapa.

Kisha akasema, "Mwambie baba yako nimesikia. Mwambie kesho akishamsindikiza Zakaria, asirudi hapa. Apite njia ya Matembwe, aende kwa kaka zangu, awakute wote, awaambie hivi hivi nilivyosomewa. Aende na kinywa chake. Asimtume mtu."

Baba alikuwa hatua mbili tu, na alikuwa amesikia kila neno. Nilidhani limekwisha. Lakini mama aliendelea kunitazama, anangoja, na baba naye alikuwa anangoja pale kizingitini.

Nikageuka, nikamwambia baba yote, tangu mwanzo, kama yalivyosemwa.